Kanda ya Bibi Dirishani

Kila asubuhi, akishamaliza kufagia ua wao huko Magogoni, Intisar alikwenda dirishani kuitazama kanda. Ilikuwa kaseti kuukuu ya marehemu bibi yake, imening'inizwa kwa uzi ili upepo wa chumvi uipige. Kaseti ya pili, yenye kasida ileile kwa sauti ya bibi, ilifukiwa ndani ya kopo la mchele mkavu ili isipate unyevu.

Wazo hilo lilitokana na kazi ya shangazi yake Khairiya, mtafiti wa chuo kikuu. Shangazi alikuwa amechapisha makala kuhusu tando za sumaku, nyembamba kuliko unywele, zinazotunza kumbukumbu ndani ya kompyuta. Alimweleza Intisar kuwa utepe wa kaseti nao umepakwa sumaku, na hiyo ndiyo inayoshika sauti.

"Je, unyevu wa pwani huifuta sauti?" Intisar aliuliza.

"Usiniulize mimi, mwanangu. Iulize kaseti," shangazi alijibu, akampa zile kanda mbili.

Intisar aliufanya kuwa mradi wa sayansi wa shule, akishirikiana na Samah wa darasani kwake. Wasichana hao walikuwa chanda na pete. Mwalimu Gershom alikuwa ameahidi kuwa mradi bora utapelekwa kwenye mashindano ya kaunti, na Samah aliitamani safari hiyo kuliko pilau ya Idi. Kila Ijumaa walizicheza kaseti zote mbili kwenye redio. Kila Ijumaa bibi aliimba vizuri katika zote mbili.

"Hakuna tofauti!" Samah alinuna. "Nani atatuchagua kwa mradi usioonyesha kitu?"

"Basi hilo ndilo jibu letu," Intisar alisema.

Ijumaa ya mwisho shangazi Khairiya alikuja kusikiliza. Kaseti ya dirishani ikachezwa. Sauti ya bibi ilizama, ikarudi, ikazama tena. Samah alipiga makofi. Intisar aliumia moyo, lakini aliamini kuwa ni unyevu.

Shangazi hakupiga makofi. Alisikiliza tena, kidole kikifuata mzunguko wa kanda.

"Unyevu huharibu ovyo ovyo," alisema. "Hapa sauti inapotea kila mara gurudumu la kanda linapomaliza mzunguko mmoja. Hii imewekewa sumaku." Akamgeukia aliyepiga makofi. "Samah!"

"Abee, shangazi." Samah aliinamisha kichwa. "Ni sumaku ya spika ya kaka. Niliiweka jana, Intisar alipokwenda dukani. Wallahi, nilitaka tushinde tu."

Intisar aliichomoa kaseti redioni. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

"Hiyo ni sauti ya bibi yangu!" alilia. "Nilikuacha peke yako chumbani kwa sababu ni wewe. Angekuwa mtu mwingine ningefunga mlango!"

Samah naye akalia, lakini machozi yake hayakumrudisha bibi kwenye utepe ule.

"Utando wangu wa kwanza ulishindwa kushika kumbukumbu," shangazi alisema. "Nililia pia. Kisha nikachapisha kuwa umeshindwa, ili mtafiti mwingine asipoteze miaka kwa kunifuata."

Jumatatu Samah alisimama mbele ya darasa, akaeleza alichofanya. Intisar akaeleza walichosikia kabla ya sumaku: kwamba kaseti zote mbili ziliimba sawasawa. Mwalimu Gershom aliwashukuru kwa kusema kweli, lakini mradi mwingine ndio uliokwenda kaunti. Samah hakulalamika.

Jioni Intisar alimpigia shangazi simu. "Ameniomba radhi. Nimsamehe?"

"Ukiweza, msamehe leo. Lakini imani si kazi yako wewe, ni kazi yake yeye kuijenga upya, na itamchukua muda. Jibu lisilopendeza ni aibu ya siku moja, mwanangu. Ukidanganya mara moja, hata siku utakayosema kweli utatakiwa ulete shahidi."