Damu ya Bonifasi Haikuwa Nzito

Kila asubuhi mume wangu Bonifasi hukaa mlangoni kwetu, hapa Katonga, kando ya ziwa, akishona nyavu. Amesahau majina ya watoto wetu. Amesahau njia ya kanisani. Lakini vidole vyake havijasahau fundo.

Jirani yetu Oswald, mvuvi, aliniambia, "Shemeji, damu ya huyu imekuwa nzito. Haifiki kichwani. Mpe aspirini, iwe nyepesi."

Nilitaka sana anikumbuke. Nikanunua vidonge dukani, nikampa kimoja kila siku pamoja na uji. Kwa wiki tatu nilimuuliza, "Mimi nani?" Alitabasamu tu, kwa adabu.

Siku moja kisu cha kukatia uzi kilimkata kidole. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini damu haikukoma. Ililowesha kanga yangu.

"Mama, usiharibu nguo yako kwa ajili yangu," akaniambia.

Nikalia.

Oswald alitupeleka zahanati kwa pikipiki yake. Nesi Caritas alikibana kidole kwa kitambaa safi, akauinua mkono. Hakuuachia mpaka damu ilipokoma.

"Shikamoo bibi. Babu anatumia dawa gani?"

Nikamwambia. Sikuthubutu kumtazama.

Hakunigombeza. Alivuta kiti karibu.

"Bibi, ndani ya damu kuna chembe ndogo sana, zinaitwa chembe sahani. Mshipa ukikatika, zinakimbilia pale, zinashikana, zinaziba tundu. Kama babu anavyoziba wavu. Aspirini inazizuia zisishikane."

"Lakini Oswald alisema damu nzito ndiyo inayomsahaulisha!"

Oswald akainamisha kichwa. "Nilisikia kwenye video ya simu."

"Si uongo wote," alisema nesi. "Wataalamu wanazichunguza chembe hizo. Zinabeba protini ya aina ileile inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa wengi wa usahaulifu. Pengine zinahusika, bado hawajajua vizuri. Ila aspirini ilijaribiwa kwa wazee wengi. Haikuzuia usahaulifu, na iliongeza kutokwa damu. Aliyeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au kiharusi asiiache bila kumuuliza. Babu hakuandikiwa. Usimpe tena."

"Basi atanikumbuka kwa dawa gani?"

Caritas alinishika mkono. "Dawa ya kumrudisha hatuna, bibi. Daktari atampima, aone kama kuna jingine la kutibu. Nyumbani, ondoa kisu. Lakini mwache ashone."

Sasa kisu ninacho mimi. Bonifasi akimaliza fundo, ananyoosha uzi, nami nakata. Kidole chake kimepona. Oswald humletea nyavu zilizochanika. Nyingine nadhani huzichana mwenyewe, asikose kazi.

Jana Bonifasi alinisalimia kwa Kiha, kama anavyosalimia wageni.

"Mwakeye, mama. Una mume?"

"Ninaye."

"Anakutunza?"

"Ananishonea nyavu."

Akakaza fundo. "Usimwache," akasema, akaninyooshea uzi niukate.