Mashine ya Theluji Aliyomchagulia Mpango wa Kando

"Iwe na kitufe cha kuwashia, babe. Atakayeitumia hawezi kuvuta kamba."

Jecinta aliusoma ujumbe huo wa mumewe jikoni kwa madam wake, Silicon Oasis. Akaurudia. Uji wa mtoto ukafurika, ukamwagika juu ya jiko, hana habari!

Atakayeitumia?

Nani huyo?!

Jamani, ngoja niwaweke sawa kwanza, mimi ninayefanya kazi jengo moja naye na kusali naye.

Lenny ni mume wa Jecinta, tena wa ndoa ya kanisani, si ya kuambiana tu. Alikuwa mlinzi hapa hapa Dubai, akapata kazi ya kiwanda cha nyama huko Kanada. Jecinta akabaki analea watoto wa madam, akisubiri viza amfuate. Maombi ya kwanza yalikataliwa, akalia mpaka tukaogopa ataugua. Ya pili yalikuwa bado, na kila akiuliza, Lenny anajibu neno moja tu.

"Tusubiri."

Haya. Sasa mwanaume huyo huyo, anayesema analala kwenye chumba cha chini cha nyumba ya watu, amebanana na wenzake, ghafla anataka mashine ya kurusha theluji! Ile ya kusafishia njia ya gari mbele ya nyumba.

"Sijawahi kununua hii kitu," aliandika. "Muulize madam wako. Si amekulia kwenye theluji?"

Mtu analala kitanda cha juu cha double-decker, halafu anasafisha njia ya gari ya nani?

Madam kwao ni Kanada kweli, na alifurahi kuulizwa.

"Kwanza, njia yenyewe ni ya lami au ya kokoto? Na ina ukubwa gani?"

Jecinta akamwandikia Lenny.

"Lami," Lenny akajibu. "Inatosha magari mawili."

Magari mawili! Jecinta akaandika, "Ni kwa nani huko?" Akaangalia yale maneno... akayafuta.

"Basi achukue ile ndogo," madam akasema. "Ni nyepesi, na inawaka kwa kitufe. Zile kubwa ni za kokoto na theluji ya kufika kiunoni. Na asinunue ya kamba peke yake! Baridi ikikaza, utavuta mpaka bega likatike."

Jecinta akaitikia, "Yes, madam." Lakini Lenny hakumwandikia jibu hilo.

Ijumaa, baada ya ibada, alimpa simu rafiki yake Peninah, anayefanya kazi hotelini. Peninah akasoma ujumbe mmoja mmoja, midomo ameibana.

"Dada, umechezwa."

"Usiseme hivyo, Peninah."

"Nisemeje? Nani hawezi kuvuta kamba? Mwanamke! Na kama hawezi kabisa... huyo ana mimba."

"Ngai!"

"Nyumba iko, magari yako, viza yako ndiyo haitoki. Na wewe umekaa hapa unawachagulia vitu vya nyumba!"

Jecinta alilia pale pale nje ya kanisa, watu wakipita na biblia zao. Iliuma, jamani. Iliuma vibaya. Miaka anafua nguo za watu kwenye joto hili, kumbe anamsubiri mume wa mtu!

Kisha akafuta machozi. Hapo ndipo nilipomwogopa.

"Anataka mashine? Atapata mashine!"

Akaandika: "Madam anasema hizo ndogo ni takataka. Chukua kubwa kabisa, ya chuma. Na kitufe kinakufa na baridi. Chukua ya kamba."

"Una uhakika? Nimejaribu kuigeuza hapa dukani, imenishinda."

"Madam amezaliwa huko, Lenny. Wewe umezaliwa Kitale."

"Sawa, babe. Nakuamini."

Ananiamini! Jecinta akacheka peke yake, kicheko kichungu. Kuanzia siku hiyo alikuwa anakula vizuri. Kila kijiko anamwona yule mwanamke, tumbo mbele, anavuta kamba, mashine kimya, theluji inaongezeka! Msinitazame hivyo. Hata ninyi mngemchagulia hiyo hiyo.

Sasa siku moja simu ikaita. Namba ya Kanada.

Mnajua huku WhatsApp haipigi, ni ujumbe tu. Mtu akikupigia simu ya kawaida kutoka ng'ambo, ni msiba au ni ukweli. Jecinta akakaa kwenye ngazi, akapokea.

"Jecinta, uko peke yako?"

"Sema tu, Lenny. Najua kila kitu."

"Aii! Nani amekuambia?"

"Nyumba mpya najua! Magari najua! Huyo asiyeweza kuvuta kamba ndiye simjui. Ni nani?!"



Lenny akacheka mpaka akakohoa.

"Si ni wewe!"

"Mimi?!"

"Viza imetoka, mama! Peleka pasipoti wiki hii. Sikutaka kukuambia mapema, ile mara ya kwanza ulilia nikashindwa kulala. Nyumba nimekodi, na huku mwenye nyumba anataka mpangaji aondoe theluji mwenyewe. Mimi naingia kazini usiku. Asubuhi nikirudi, lazima uwe umetoa, ndiyo gari lipate kuingia."

Jecinta akalia tena. Safari hii kwa furaha, na kwa aibu pia. Halafu akili ikarudi taratibu...

"Lenny... ile mashine..."

"Iko gereji! Tumeishusha na vijana wa kazini, karibu ituvunje mgongo."

"Inarudishwa?"

"Irudishwe kwa nini? Siku za kurudisha zimepita. Na vile ulichagua na roho yote! Nimewaambia kanisani bibi yangu ni fundi wa hizi vitu. Wawili wamenunua kama hiyo hiyo."

Wapendwa, Jecinta aliuliza yote. Lami au kokoto, ndogo au kubwa, kitufe au kamba. Lile swali moja la mume wake akampelekea Peninah, na Peninah hakukosa jibu. Swali la ndoa yako mpe mwenye ndoa.

Jana nimemkuta gym ya jengo letu, ananing'inia kwenye ile mashine ya kuvuta, jasho linamtiririka.

"Mabega vipi?" nikamuuliza.

"Bado."

Ndege ni Januari.