Kamba ya Mpole

Maiti ilikuwa imelala chali chini ya mnara wa mazoezi, mkono mmoja bado umeshika kamba. Helmeti ilikuwa kichwani, glavu mikononi, mkanda wa kiunoni umefungwa sawasawa. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa uhai.

Inspekta alichuchumaa, akatazama bila kugusa. Nyuma yake walisimama wanaume wa Kikosi Maalumu cha Kupambana na Ugaidi, hawajui mikono yao waiweke wapi. Hawa ni watu ambao kazi yao ni kuingia kwenye majengo ambayo wenzao wanatoka mbio. Asubuhi ile walikuwa kama watoto waliofiwa na mzazi.

Aliyekufa alikuwa naibu kamanda wao. Kikosini walimwita Mpole, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, hata milango ikivunjwa na risasi zikilia. Kamanda alikuwa karibu kustaafu, na Mpole ndiye aliyeteuliwa kushika nafasi yake. Alikuwa anawaonyesha vijana namna ya kuteremka ukutani kwa kamba, kitu alichokuwa amekifanya mara zisizo na idadi, kamba ikakatika akiwa bado juu.

Kamanda mwenyewe alikuja akitembea taratibu, kofia mkononi.

"Ajali," alisema. "Kamba zimechoka. Nimewalilia wakubwa kuhusu vifaa mpaka sauti imenikauka." Kisha akamtambua aliyekuwa amechuchumaa. "Kumbe wamekuleta wewe."

"Ni zamu yangu," Inspekta akajibu.

Kamanda akasema anakwenda kumpa habari mama wa marehemu yeye mwenyewe, maana si habari ya kupelekwa kwa simu.

Kamanda na Inspekta walikuwa wamesoma pamoja chuo cha polisi. Walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Kamanda juu, Inspekta chini, na maisha yakaendelea kwa mpangilio huohuo. Siku ya kuchagua watu wa kuunda kikosi maalumu, Inspekta alipanda ukuta mpaka katikati, akakwama, akateremshwa kama gunia mbele ya darasa zima. Kamanda alifika juu wa kwanza na kupunga mkono.

Alianzisha kikosi na watu wachache ndani ya ghala kuukuu la matairi, akawafundisha kuvunja milango iliyookotwa kwenye nyumba zilizobomolewa. Aliwatoa mateka kwenye ndege bila abiria hata mmoja kupotea. Alikaa chini kwenye kituo cha treni, akazungumza na mtu aliyevaa mkanda wa mabomu mpaka yule mtu akauvua mwenyewe. Mwaka uliopita magaidi waliteka benki, kikosi kikaingia na kuwatoa watu wote wazima, na mkuu wa nchi akamvisha Kamanda nishani kwa mkono wake. Kila mara Inspekta alinunua gazeti, akalisoma mpaka mwisho, akamwambia mkewe, "Huyu nimesoma naye." Aliyasema kwa sauti ambayo mkewe alishajifunza kutoijibu.

Kwa hiyo asubuhi ile alijionya. Hapa palikuwa na kifo cha kuchunguza, na deni la moyo wake mwenyewe alitakiwa kuliacha getini.

Aliichunguza kamba. Kamba ikikatwa kwa kisu huacha ncha safi, na ikisagwa na ukingo wa ukuta huacha nyuzi zilizochanuka. Hii ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na nyuzi zake zilivunjika vidoleni kama makapi. Akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaufunga na kuuwekea lakiri.

Maabara ya uchunguzi haikukawia. Mtaalamu wake, mwanamke mfupi aliyependa kufanya mzaha na vitu visivyo na mzaha, alimwita ndani na kumwonyesha picha zilizokuzwa.

"Kamba hii haikuchoka, Inspekta. Iliuawa kabla ya mwenyewe."

"Kwa kitu gani?"

"Tindikali. Ile ya kwenye betri za magari. Mtu kaipaka sehemu moja, akaiacha ifanye kazi yake kimyakimya, kisha akaikunja vizuri kama ilivyokuwa."

Basi ilikuwa mauaji.

Tindikali ilikuwepo kwenye gereji ya kambi, na yeyote angeweza kuichota. Kamba ilikuwa shughuli nyingine. Kila komando alikuwa na mfuko wake wa kamba wenye alama yake, na mifuko yote ilifungiwa stoo. Ufunguo mmoja ulikuwa kwa mtunza stoo, wa pili kwa Kamanda.

Mtunza stoo alihojiwa kwanza. Alikuwa likizo, kwa binti yake aliyejifungua, na akatoa picha za mjukuu kabla hajaulizwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake siku zote hizo, hata mjukuu alimkojolea nao. Inspekta alithibitisha kwa mkwe, kwa majirani na kwa mkunga. Yule mzee hakuwa amekanyaga kambini.

Kisha akamwita komando mmoja mwenye ndevu nyingi, ambaye wenzake walimtaja kwa kunong'ona. Walimwita Ndevu. Yeye na Mpole walikuwa hawaongei.

"Mligombania nini?"

"Aliniondoa kwenye timu ya mbele."

"Ukamchukia."

"Nilimnunia. Kununa na kuua ni vitu viwili."

"Nani alimchukia?"

"Hakuna. Ndiyo maana hatulali."

Ndevu akakuna shingo, akasema jambo ambalo inaonekana lilikuwa limemkaa kooni. Siku ya benki walikuwa nje ya mlango wa nyuma, wanangoja amri. Walingoja mpaka wakaanza kuangaliana. Ndipo redio ikasema: Kamanda ameamuru, ingieni. Lakini sauti ilikuwa ya Mpole. Wakati ule hakuna aliyejali ni sauti ya nani.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo Kamanda aliacha kula na sisi."

Kamanda alihojiwa ofisini kwake, kwa heshima, mlango wazi. Alijibu kila swali bila kusita. Ufunguo wake hukaa kwenye droo, na droo haifungwi. Inspekta akamuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

"Kijana mzuri. Mtiifu. Hodari. Wa kuigwa," Kamanda akasema.

Inspekta akaacha kuandika. Maneno yale yalikuwa yameng'olewa kama meno, moja baada ya jingine. Aliujua mlio wake. Ndivyo alivyokuwa akimsifu Kamanda mwenyewe kwenye sherehe za polisi, kila alipoulizwa kama ni kweli walisoma pamoja. Anasema mzuri, hodari, wa kuigwa, na kila neno linatoka na kipande cha nyama.

Mtu huyu ana wivu, aliwaza. Na papo hapo akawaza tena: au ni mimi?

Hakupata raha. Kwa muda mrefu alikuwa ametamani Kamanda ateleze mahali, hata kidogo tu, na sasa macho yake yalikuwa yanamwonyesha hasa kile alichokuwa anakitamani. Akaenda kwa mkuu wake wa upelelezi, akafunga mlango, akaomba jalada apewe mwingine. Akaeleza sababu bila kujipamba. Mkuu alimsikiliza, akasema kwamba akitafuta mpelelezi asiyemwonea kijicho Kamanda, jalada litaoza mezani. Akamwambia alete ushahidi ambao hata asiye na wivu ataukubali.

Inspekta akaenda nyumbani kwa Kamanda mchana, mwenyewe akiwa kazini. Alitaka kumuuliza mkewe kuhusu nyendo za mumewe wiki ile, na alikuwa amejiandaa kwa majibu ya mkato. Lakini mke wa Kamanda alimjua tangu enzi za chuo. Alimkaribisha sebuleni kama ndugu, akamletea chai, akaendelea kupiga pasi huku wakiongea.

Alisema mumewe amekonda. Tangu jina la Mpole litangazwe, analala kidogo na hataki kuguswa. Alidhani ni uchungu wa kuacha kazi. Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo yasije yakamliza, akainua shati la kaki kutoka kwenye rundo.

"Hebu tazama, shemeji. Shati jipya hili. Limeingia kwenye maji zima, limetoka hivi."

Kiwiko cha mkono wa kulia kilikuwa na vitundu vingi, kingo zake zimelainika kama karatasi iliyolowa.

"Yeye anasema nini?"

"Anasema nondo. Nondo gani wanakula mkono mmoja tu, wakaacha kabati zima?"

Inspekta aliweka kikombe chini. Alikuwa amewahi kuona vitundu kama vile kwenye nguo za mafundi magari. Tindikali ikirukia pamba haionekani. Nguo ikifuliwa ndipo inapoachia. Alitegemea moyo wake ungeruka kwa furaha. Badala yake ulizama.

"Naomba hilo shati, shemeji," alisema.

Mwanamke akacheka kidogo. Kisha akamtazama usoni na kicheko kikakatika. Pasi ilibaki hewani.

"Unaniomba kama shemeji, au kama polisi?"

"Kama polisi."

"Nikikataa?"

"Nitarudi na hati ya upekuzi, na watu wengine."

Aliweka pasi pembeni. Akalikunja shati polepole, mikono ndani, kola juu, kama anavyolikunja siku zote, akampa. Hakumsindikiza mlangoni.

Maabara ilikuta mabaki ya tindikali ileile kwenye mshono wa kiwiko. Alama za vidole kwenye dumu la plastiki la tindikali pale gereji zilikuwa za Kamanda. Na fundi wa gereji, alipoulizwa, alikumbuka kwamba Kamanda aliingia kuulizia betri ya gari lake, na akashangaa, maana gari lile lilikuwa na betri mpya.

Walimhoji kituoni, Inspekta na sajenti mmoja shahidi. Inspekta alimsomea onyo lake la kisheria. Kamanda alisikiliza huku akitabasamu nusu, kama mwalimu anayesomewa somo lake mwenyewe. Kisha shati likawekwa mezani ndani ya mfuko wa vielelezo, na tabasamu likaondoka.

"Limetoka wapi?"

"Kwako."

"Amekupa yeye?"

"Nimeomba, akanipa."

Kamanda akausogeza mfuko pembeni.

"Siku ya benki," Inspekta akasema, "nani alitoa amri?"

Hili ndilo swali lililomfikia. Mabega yale yaliyokuwa yakipambwa na magazeti yalishuka.

"Unajua tayari."

"Nataka nisikie kwako."

Akasema. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa mbele wa benki, bunduki mkononi, Mpole ubavuni. Alitakiwa atamke neno moja. Mdomo haukufunguka. Mguu haukunyanyuka. Hakuogopa kufa, alisema. Ni mwili tu uliogoma, kama mnyama aliyechoka kubebeshwa. Ndani mtoto alikuwa akilia. Mpole akamtazama mara moja, akamvua redio kifuani kwa upole, akasema Kamanda ameamuru. Kisha akaingia mbele.

"Nikavishwa nishani. Yeye akapiga makofi. Makofi ya kweli, unanielewa? Nilimtazama nikitafuta dharau usoni mwake. Haikuwepo."

"Aliwahi kukutisha kwamba atasema?"

"Angenitisha ningelala. Hakusema kwangu, wala kwa mwingine. Kila akinipigia saluti nilisikia kile asichokisema."

"Akateuliwa."

"Akakataa! Alikataa mara mbili, kwa ajili yangu. Akawaambia wakubwa hakubali mpaka nibaki kama mshauri. Nani alimtuma? Vijana wote wanamzunguka yeye. Mke wangu anamsifu mezani. Hata huruma yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Nilijenga kikosi kile kwa mikono hii, na mtu mzuri kuliko mimi akakiingia kwa miguu mitulivu, akinifunika njiani nisipate baridi."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka aanguke mbele yao. Avunjike mguu. Waone naye ni mtu."

"Kutoka juu ya mnara?"

Sajenti aliacha kuandika akingoja.

"Nilijua," Kamanda akasema. "Andika hivyo. Nilijua."

Alitia sahihi maelezo yake. Alipoinuka kupelekwa mahabusu, alimwuliza Inspekta kama sasa amefurahi.

"Nilidhani ningefurahi," Inspekta akajibu.

Jioni, kabla jua halijazama, alikwenda kwa mama yake Mpole. Hakutaka asikie redioni. Mama huyo alikaa sebuleni kati ya viti vya kukodi ambavyo vilikuwa bado havijarudishwa. Inspekta alimweleza yote kwa ufupi, tangu tindikali mpaka kukiri.

Mama hakupiga yowe. Alinyoosha kidole kwenye kiti kimoja.

"Kamanda wake alikaa pale. Alilia kuliko mimi. Nikamfuta machozi kwa khanga yangu."

"Machozi yale yalikuwa ya kweli, mama," Inspekta akasema. Hakujua kwa nini anamtetea.

Nje mtu alikuwa anapanga viti, vikigongana. Kisha mama akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayetaka kurekebisha kosa ambalo bado linaweza kurekebishwa:

"Mwanangu alimkosea nini?"

Inspekta alitafuta namna nyingine ya kulisema, asiipate.

"Hakumkosea kitu, mama. Alimsitiri."