Paka Weusi wa Bi Ercilia

Sokoni Valparaíso, bandari ya Chile, lilibaki fungu moja tu la vichwa vya samaki, na mikono miwili ikalidaka kwa pamoja.

"Achia, kaka."

"Nimewahi mimi, dada. Supu yangu hiyo."

"Supu! Mwenzio nina watoto watano nyumbani wananisubiri."

Nibaldo, fundi rangi, akaachia upesi. Mwanamke mwenyewe alivaa koti jekundu lililopauka mabegani, nywele kazibana kwa penseli, na kwa mama wa watoto watano alionekana bado mbichi mno.

"Watano! Na baba yao?"

"Hajulikani. Wote weusi tii, na wana mikia."

Muuza samaki akacheka mpaka akashika meza. Nibaldo akambebea mwanamke huyo, Yasna kwa jina, lile fungu hadi juu ya kilima, ngazi baada ya ngazi, na tangu siku hiyo akawa hashuki kule ila kwenda kazini.

Watoto wale watano walikuwa paka wa mtaani, ila chakula chao kilikuwa kwenye ngazi za Bi Ercilia, mama yake Yasna. Walifanana kama maharage meusi ya chungu kimoja. Yasna mwenyewe aliwachanganya. Bi Ercilia hakukosea hata siku moja.

"Haya, mkwe, Tizón yupi?"

"Yule pale, mama."

"Yule Betún! Fundi rangi gani wewe, hujui kuna weusi na weusi?"

"Nifundishe basi."

"Hafundishwi mtu. Kaa utazame."

Tizón ndiye aliyekuwa kipenzi chake, aliyeruhusiwa kuingia ndani na kulala miguuni pake. Lakini Nibaldo angepata wapi macho ya kutazama paka? Macho yote yalikuwa kwa Yasna.

Majira ya baridi Bi Ercilia akaanguka jikoni, akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali Santiago, mji mkuu. Yasna akafuatana naye. Mlangoni akamtia Nibaldo ufunguo mkononi.

"Walishe, kipenzi. Hasa Tizón. Mama anasema atapona ili arudi kwa Tizón wake. Huyo paka akipotea, na mama nimempoteza."

"Nenda kwa amani. Watanenepa mpaka washindwe kupanda ngazi."

Haikupita wiki, Nibaldo akamkuta paka mmoja kando ya barabara, kagongwa na gari. Akamgeuza huku na huku asijue ni nani. Akamzika nyuma ya nyumba, kisha akasimama kuwatazama wanne waliobaki wakila. Pengine si Tizón, akajipa moyo. Angesema hivyo hivyo, jamani! Paka mmoja kafa, sijui ni yupi. Kuna nini kigumu hapo? Lakini simu ikaita.

"Mpenzi, mama anataka picha ya Tizón."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, nakwambia. Hanipi hata nafasi ya kupumua."

Nibaldo akampiga picha aliyekuwa karibu, kainamia sahani, akaituma.

Kesho yake sauti ya Yasna ilikuwa ya kilio. "Mama kaikataa. Eti huyu si Tizón, ni Betún, eti tunamficha jambo. Kapiga kelele wodi nzima."

"Labda picha ina giza."

"Daktari naye kasikia. Ananiuliza kama mama huchanganya vitu. Niambie, Nibaldo. Yule ni Tizón, si ndiyo?"

Mlango wa kusema kweli ndio huo ulikuwa wazi, hata kipofu angeupapasa akautokea.

"Ndiye," akasema.

Kuanzia hapo kila neno la Bi Ercilia likapimwa kama neno la mtu aliyerukwa na akili. Akiomba kwenda kwake, ni kuchanganyikiwa. Akilia, ni kuchanganyikiwa. Mwishowe Yasna, kachoka mwili na roho, akakubali apelekwe nyumba ya wazee huko huko Santiago, yenye mlango unaofungwa kwa nje.

"Ananililia nimrudishe," alimwambia Nibaldo simuni. "Nikamwambia, mama, hata paka wako humjui, utajiwezaje peke yako?"

Nibaldo akamwambia apumzike, akakata simu. Kila siku aliyonyamaza iliifanya inayofuata iwe ngumu zaidi. Alimpenda Yasna, sikatai, lakini woga ulimzidi. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Yake ilitosha kumfikisha Bi Ercilia kaburini.

Baada ya maziko Yasna akarudi na koti lake jekundu na mfuko mmoja. Nibaldo alikuwa ameipaka nyumba rangi ya njano aliyoipenda marehemu, na pete ilikuwa mfukoni.

"Nikuoe, Yasna. Tukae hapa hapa."

"Subiri kwanza niwape chakula," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu.

Akakaa kwenye ngazi na sahani. Paka wanne wakaja. Mmoja akala huku kainua mguu wa mbele wa kushoto. Yasna akaacha kutabasamu. Akatoa simu, akaitazama picha ile aliyotumiwa, mguu huo huo umeinuliwa, akamtazama paka.

"Mama aliniambia," akasema taratibu. "'Tazama mguu, mwanangu. Betún akila huuinua, aliumia akiwa mdogo.' Nikamwambia sawa mama, lala." Akainua uso. "Tizón yuko wapi, Nibaldo?"

"Nyuma ya nyumba. Aligongwa. Sikujua ni yupi, Yasna, haki ya Mungu sikujua. Niliogopa kukupoteza."

"Mama alikuwa na akili zake."

"Mpenzi..."

"Alikuwa na akili zake timamu, na mimi nikamfungia mlango."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nisamehe, Yasna."

"Wewe huenda nikakusamehe. Mimi nani atanisamehe?" Akasukuma sahani kuelekea kwake. "Walishe."

Akashuka kilima na mfuko wake ule ule.

Yasna hazipokei simu zake. Jioni Nibaldo huketi kwenye ngazi na vichwa vya samaki, akiwaita paka mmoja mmoja, Betún, Mora, Cuervo, Luto, na hakosei. Yupi hutangulia, yupi ana manyoya yanayogeuka kahawia juani, yupi hungoja wenzake washibe, yote anayajua sasa. Hayupo tena wa kumuuliza, "Haya, mkwe, Betún yupi?"