Nduma za Mume wa Cucu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajaonja chai yake, Wamucii alimnawisha Kingori mikono. Haikuwa kazi ndogo. Kingori alikuwa na miezi tisa na mikono yake haikujua kutulia. Ilikamata sikio la paka, ikakamata ncha ya leso, na chochote kilichokamatwa kilipelekwa mdomoni kukaguliwa.

"Mume wangu ameamka?" Cucu aliuliza akiingia jikoni, akatua kikapu.

Cucu alikuwa nyanya yao, mama ya baba yao. Kingori alipewa jina la marehemu babu, kwa hivyo Cucu alimwita mume wake mbele ya kila mtu. Naye Wamucii, aliyepewa jina la Cucu mwenyewe, aliitwa "mimi mdogo".

"Ameamka, na leo anaanza kushika chakula kwa mkono wake," Mama akasema, huku akijifunga aproni ya kuchumia chai. "Muuguzi wa kliniki alisema uji na viazi vya kuponda havitoshi tena. Ajifunze kutafuna."

"Atafune na nini? Si hana meno."

"Ako na mawili, Cucu. Na ufizi wake ni mgumu. Niulize mimi ninayemnyonyesha."

Cucu akacheka mpaka ufizi wake mtupu ukaonekana. "Basi aanze na nduma zangu. Babu yake hakutaka kitu kingine asubuhi." Akafunua kikapu. Nduma zilikuwa bado na udongo mweusi wa kule mtoni, mahali yeye na mumewe walipozipanda wakiwa vijana.

Kabla ya kwenda shambani, Mama alimwonyesha Wamucii la kufanya. "Kata vipande virefu kama kidole chako. Kila kipande ukibonyeze kwa vidole viwili. Kikipondeka kama ndizi mbivu, mpe. Kikikataa, rudisha sufuria motoni. Nduma haitaki haraka. Ikiwa mbichi ndani, inawasha mdomo. Na akila, awe ameketi wima, nawe uwe unamtazama."

"Nimesikia, Mama."

Mama akabeba kikapu cha majani chai, Cucu naye akashuka kwenda kwake. Lakini kuni zilikuwa zimenyeshewa, na moto ulitoa moshi kuliko joto. Maji yalipoanza kuchemka, Wachuka, rafiki yake, alikuwa tayari ameegemea ua.

"Wamucii, ni wewe tunangoja. Wale wasichana wa huko juu wamekuja na kamba yao."

"Ngoja nimlishe Kingori kwanza. Kisha nitambeba nije naye."

"Mpe uji tuende."

"Leo ni nduma."

"Ati nduma? Basi tutazeekea hapa."

Baada ya muda Wamucii akachoma nduma kwa uma. Nje uma uliingia vizuri, katikati ukasita. Akajiambia kwamba atakata upande wa nje tu. Akakata kipande, akakibonyeza. Kilipasuka, lakini hakikupondeka. Kule nje wasichana walikuwa wamekwisha kuanza kuruka kamba wakiimba. Wamucii akakipoza, akampa.

Kingori alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akakicheka, kisha akakiguguna kwa bidii. Ghafla uso wake ukakunjamana. Akatoa ulimi, akausugua kwa ngumi, mate yakamtiririka hadi kifuani. Akalia kilio ambacho Wamucii hakuwa amekisikia tangu azaliwe.

Wamucii akaonja kipande hicho. Koo lake lilimwasha kama lililopakwa upupu.

Alimfuta mtoto mdomo kwa kitambaa safi, akamnywesha maji yaliyochemshwa, kijiko kwa kijiko, akamkumbatia mpaka kwikwi zikaisha. Hakukumbuka kamba tena. Kisha akarudisha sufuria motoni na kuongeza kuni. Mama aliporudi mchana, nduma zilikuwa laini kabisa. Lakini Kingori alipoonyeshwa kipande, alifunga mdomo, akageuza shingo na kukipiga kofi kikaanguka.

Kesho yake alikataa malenge. Siku iliyofuata alikataa hata ndizi, ambayo zamani aliipenda ikipondwa. Alitaka kunyonya tu, na Mama akaanza kumpimapima mkononi kila jioni kama anayekadiria uzito wake.

"Sielewi," Mama alisema. "Wamucii, ile siku kulitokea nini?"

Wamucii alitazama chini. "Labda ni nduma za Cucu. Labda ni za aina ile inayowasha."

Lilikuwa neno dogo, lakini lilitembea. Mama alimwuliza Cucu kwa upole kama nduma zake zilikuwa zimebadilika. Jumamosi iliyofuata Cucu alikuja bila kikapu. Alikaa mlangoni, mbali na mtoto.

"Sitaki kumdhuru mume wangu," alisema taratibu. "Leo nitang'oa zile nduma zote nipande nyasi za nepia. Ng'ombe hawalalamiki."

Akaondoka na jembe begani. Wamucii alimtazama akishuka mteremko, mgongo umeinama. Akakimbia.

Alimkuta ukingoni mwa mto, jembe tayari limeinuliwa.

"Cucu, using'oe! Ni mimi. Nilizitoa kabla hazijaiva. Nilitaka kwenda kucheza. Halafu nikasema ni nduma zako, na nilijua si kweli."

Cucu alitua jembe. Akayatazama yale majani mapana.

"Nimeumia, mimi mdogo," akasema mwishowe. "Nilidhani mikono yangu imezeeka mpaka imesahau kupanda." Kisha akamnyoshea mkono. "Haya, vuta hiyo kubwa. Tukamwambie mama yako, na wewe ndiye utasema."

Wamucii alisema yote, akilia. Mama hakumgombeza. Alimwachia sufuria, kuni na kazi. Safari hii Wamucii aliketi karibu na moto mpaka uma ukapita nduma bila kusita. Akabonyeza kipande, kikapondeka. Akakionja mwenyewe, akangoja. Hakikuwasha.

Kingori, aliyeketishwa mkekani, alifunga mdomo. Hakuna aliyemlazimisha. Cucu aliketi mbele yake, akachukua kipande na kuanza kukitafuna kwa ufizi, polepole, macho yakiwa yamefumbwa kwa utamu. Kingori akamtazama. Akautazama ule mdomo usio na meno ukienda huku na huku. Akajongea, akashika goti la Cucu, kisha akanyosha mkono na kuchukua kipande kutoka kiganjani mwake.

Alikilamba. Akangoja. Akakiguguna.

"Huyu ni babu yake kabisa," Cucu akasema. "Hata yeye alikuwa hali mpaka aone mimi nimekula kwanza."

Mama alicheka, akamvuta Wamucii karibu. "Unaona, mtoto hawezi kusema nduma haijaiva. Anaamini mkono unaomlisha, basi. Kwa hivyo unayemlisha, usiwe na haraka, na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ungesema, tungejua la kufanya, na Cucu hangelala na uchungu siku zote hizi."

"Sitarudia, Mama."

"Najua," Mama akasema. "Sasa mnawishe mikono. Anataka kingine."