Waya wa Mita Kumi na Nane

Mwenye koti la kijivu alikuwa na mbio za mtu aliyezoea kufukuzwa.

Alikata kona kwenye duka la redio, akaruka mkokoteni uliobeba friji mbovu, akapenya katikati ya wanawake wawili waliokuwa wakibishana juu ya bei ya feni. Begi jeusi lilimpiga mgongoni kila alipokanyaga.

Hatua ishirini nyuma yake alikuja mwanamke mwembamba mwenye raba nyeupe. Ofisini walimwita Sindano, kwa kuwa aliingia mahali bila kelele na kutoka akiwa ameacha tundu dogo tu.

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

"Anaelekea maegesho ya nyuma," alisema kwenye maiki ya ukosi wa shati.

"Nataka begi," sauti ilimjibu sikioni. "Mtu baadaye."

Sauti hiyo ilikuwa ya Mjomba. Hawakuwa na undugu wowote. Alikuwa mkuu wake wa kazi, na hakuna aliyejua ni mpwa gani wa kwanza aliyempa jina hilo.

Gari la bluu lilikuwa likinguruma, mlango wazi. Jamaa akajitupa ndani. Sindano akaudaka mkanda wa begi na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Mkanda ukakatika, begi likaanguka, gurudumu la nyuma likapita juu ya ncha yake. Kitu kikapasuka ndani. Gari likatokomea.

Bastola yake, Glock 19, ilibaki kiunoni. Watu walikuwa wengi mno.

Alipiga goti, akafungua zipu. Alitarajia hati au kompyuta. Alikuta waya mmoja mweusi wa maiki, mrefu, uliokunjwa kwa adabu. Plagi ya ncha moja ilikuwa imepondwa na gurudumu. Kwenye plagi nzima palikuwa na lebo ndogo ya manjano.

Aliisoma mara mbili. Ilikuwa lebo ya karakana ya dada yake.

"Umepata nini?" Mjomba aliuliza.

"Waya."

"Wa nani?"

"Wa dada yangu, Mjomba. Tumbo moja."

"Kama dada yako yumo…"

"Hayumo."

"Hilo unalijua au unaliomba?"

Sindano alifunga zipu.

Saa tano asubuhi ile, karani mmoja wa bohari angetoa ushahidi mbele ya tume. Alikuwa ameona kwa macho yake masanduku ya bunduki yakiingizwa nchini kama vipuri vya trekta, na aliwajua wageni walioyaleta. Angekaa katika chumba cha nyuma ya jukwaa, asionekane. Sauti yake ingetoka kwenye maiki, ipite kwenye waya wa mita kumi na nane, iingie kwenye kisanduku cha kuibadilisha, ndipo iende ukumbini ikiwa sauti ya mtu asiyejulikana.

Katika mita hizo kumi na nane, sauti ilikuwa uchi.

Bohari ile ilikuwa na makarani sita tu. Anayeijua sauti angemjua mtu, na mtu yule alikuwa na mke na mabinti watatu. Asubuhi hiyo Mjomba alikuwa amedokezwa kwamba kuna mtu angetoka mlango wa nyuma wa ukumbi akiwa na kitu begini. Hakuambiwa ni kitu gani.

*

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, mabunda ya nyaya ukutani na harufu ya moshi wa kulehemu. Dada yake, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alikuwa akimhudumia mpiga gitaa.

"Huu wa bei rahisi sitakuuzia," alikuwa akimwambia. "Fungua hapa uone. Wavu wa shaba wenyewe umepwaya kama chandarua cha gesti. Ukisogea karibu na taa, gitaa linavuma. Ukiukanyaga, linakohoa. Unataka kucheza muziki au unataka kuomba radhi?"

Mpiga gitaa alichukua ule mwingine, akaondoka.

"Mdogo wangu! Shirika la bima limekufukuza kazi?"

"Dada, huu waya ni wako?"

Dada alivaa miwani. Aliupima mkononi kwanza, kama mtu anayenunua samaki. Akaukunja, akauachia, ukalala chini kimya bila kujikunjakunja. Kisha akaifungua plagi iliyopondeka kwa koleo.

"Wangu. Nani kaukanyaga hivi? Kazi ya siku nzima hii!"

"Una uhakika? Lebo mtu anaweza kuichapa."

"Lebo ni karatasi. Tazama hapa." Alionyesha nyuzi za shaba zilizosokotwa pamoja. "Mafundi wote wa mtaa huu wanasokotea kulia. Mimi mashoto, nasokotea kushoto. Huu niliutengenezea ukumbi wa mikutano, mita kumi na nane kamili. Wewe umeutoa wapi?"

Sindano aliziinamia zile nyuzi, akaona zimezunguka kushoto.

Alikuwa ameuelewa mchezo kinyume. Yule jamaa hakuwa akitoka na waya wa bandia alioshindwa kuufunga. Alikuwa akiondoka na waya halali. Wa bandia ulikuwa umeshafungwa.

Simu ikatetemeka.

"Shahidi amepata hofu," alisema Mjomba. "Anataka aseme upesi aondoke. Tumesogeza mpaka saa nne na nusu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika hamsini.

"Dada, nipe plagi mpya. Nzuri."

"Chukua Neutrik hii. Lakini ngoja nikufungie mwenyewe, chuma kipate moto…"

"Hakuna muda."

Alichukua plagi, mita ndogo ya kupimia umeme na kile chuma kidogo cha kulehemu kinachotumia gesi, pamoja na kopo la vifaa vyake. Alikuwa mlangoni dada yake alipopiga kelele:

"Bima gani hiyo inayotaka waya?"

*

Aliingia ukumbini na ovaroli ya bluu na kitambulisho cha fundi. Saa nne na dakika tano. Viti vilikuwa vikijaa. Nyuma ya jukwaa waya ulilala sakafuni kutoka chumba cha shahidi hadi kwenye kisanduku, mweusi, na lebo ya manjano ileile.

Aliuchomoa kwenye maiki, akagusisha mita kwenye miguu ya plagi. Kisanduku kilikuwa kikituma umeme wa volti arobaini na nane kulisha maiki.

Mita ikasema thelathini na moja.

Kuna kitu ndani ya plagi ile kilichokuwa kikinyonya umeme. Kilikuwa hai, na kilikuwa kikisikiliza.

Hakusema neno. Aliingia stoo ya jirani, akafunga mlango, akampigia Mjomba kwa sauti ya chini.

"Kimo. Kinarusha sauti kwa redio."

"Kitoe."

"Nikikitoa, wanaosikiliza watajua. Watakimbia leo, kesho watarudi kwa njia nyingine. Tuwaache wasikilize. Ila wasikilize mtu mwingine."

"Nani?"

"Una sauti nzuri, Mjomba. Njoo chumba cha pili na maiki na mixa ndogo ya kuilisha umeme."

"Na shahidi atatumia waya gani?"

Nyaya nyingine za ukumbi zilikuwa za mita sita. Kuunganisha tatu ni kualika mashaka matatu. Waya pekee aliouamini ulikuwa begini, na ncha yake moja haikuwa na plagi.

Saa nne na dakika kumi na mbili.

Alimpigia dada yake, akaweka simu juu ya boksi.

"Dada, nielekeze. Nafunga plagi."

"Wewe? Mara ya mwisho ulipolehemu, ilionekana kama mtu amepenga kamasi."

"Dada!"

"Haya, haya. Menya ganda la nje, urefu wa kucha ya kidole gumba. Usiukate wavu. Uchane kwa vidole, uusokote. Umefika?"

"Nimefika."

"Una risasi?"

Mkono wa Sindano ulikwenda kiunoni wenyewe. "Kumi na tano."

"Risasi ya kulehemu, mdogo wangu," dada yake alisema polepole. "Wewe ulidhani nauliza risasi gani?"

Sindano alifumba macho. Miaka tisa ya uongo mtamu wa bima ilikuwa imeishia stoo, katikati ya maboksi ya balbu.

"Nitakueleza," alisema.

"Utanieleza. Sasa sikiliza. Wavu mguu wa kwanza. Nyekundu wa pili. Nyeupe wa tatu. Pasha mguu moto kwanza, siyo risasi. Risasi iyeyuke yenyewe, itambae kama maji. Iking'aa, acha. Usipulize!"

Mguu wa kwanza ukang'aa. Wa pili ukang'aa.

Mlango ukafunguka.

Alikuwa fundi wa sauti wa ukumbi, mwanamume mwenye tumbo dogo na funguo nyingi. Aliutazama waya mkononi mwa Sindano, akatazama ukutani kuelekea kule wa bandia ulikolala, rangi ikamtoka usoni. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka na simu.

Sindano alikuwa ameshafika. Alimbana ukutani kwa kiwiko, ncha ya chuma ikasimama karibu na kifundo cha mkono wake. Joto lake lilikuwa digrii mia tatu na hamsini.

"Andika herufi moja tu," alisema, "nikulehemu na hiyo simu."

Simu ilianguka.

"Walinionyesha picha ya nyumba yangu," fundi alinong'ona. "Waliijua hata rangi ya pazia."

"Kaa chini. Wako wapi?"

"Sijui. Walisema kifaa kinafika mita mia mbili tu."

Kwenye boksi, simu iliongea: "Mguu wa tatu umepoa wewe unapiga soga! Pasha tena!"

Alipasha tena. Risasi ikatambaa, ikang'aa. Akakaza kibanio cha plagi mpaka waya haukucheza.

Wa bandia aliuhamishia chumba cha pili, huu akaufunga mahali pake; mita ilisoma arobaini na nane kamili.

*

Saa nne na nusu mwenyekiti wa tume aligonga kinyundo. Nyuma ya jukwaa karani aliisogeza maiki karibu. Katika chumba cha pili Mjomba, koti akiwa amelivua, alisogelea maiki ya uongo.

"Jina langu halina maana," alianza kwa huzuni iliyomfaa sana. "Nilifika bohari siku ya Jumatatu…"

Sindano alitoka nje na kikapu cha mashuka ya meza. Maegesho yalikuwa na magari kama sitini. Hapakuwa na gari la bluu. Kulikuwa na magari ya wageni waalikwa, lori la maua na gari jeupe la dobi.

Yeyote kati ya hayo angeweza kuwa na masikio ndani.

"Mjomba," alinong'ona. "Ukisikia nikisema sasa, piga maiki kwa kalamu. Kwa nguvu."

Mjomba aliendelea na simulizi lake bila kujibu. Sindano alisimama mahali ambapo aliona vioo vyote vya mbele.

"Sasa."

Ndani ya gari la dobi kichwa kiliruka. Mikono miwili ilinyofoa visikilizio masikioni kana kwamba vimemng'ata. Uso ulikunjamana kwa maumivu, ukageuka, ukakutana na macho ya Sindano.

Safari hii hakuwa na koti la kijivu.

Aliwasha gari. Kikapu alichokirusha Sindano kilimwahi: mashuka yalifunika kioo chote cha mbele, gari likavamia lori la maua na kuzimika. Mlango ukafunguka. Jamaa yuleyule alitoka mbio akiwa na bastola yenye kizuia mlio, akapiga hatua mbili, ya tatu akajikuta amelala kifudifudi na goti la mwanamke likiwa shingoni.

"Dobi hapokei silaha," Sindano alimwambia, akiisukuma bastola mbali kwa mguu. "Wenzako?"

Jamaa alitema vumbi. Kutoka nyuma ya gari waliteremka raia wawili wa kigeni wenye suti, mikono juu, wakiwatazama askari kanzu wa Mjomba waliojitokeza kutoka kila upande.

Alirudi ndani kwa mlango wa pembeni, akasimama nyuma ya safu ya mwisho ya viti. Sauti iliyobadilishwa ilitoka kwenye spika, nzito, isiyo ya mtu yeyote, lakini safi. Haikuvuma wala kukwaruza. Ilitaja majina, moja baada ya jingine, na kwenye kila jina kalamu za wajumbe zilikimbia. Katika safu ya tatu mtu mwenye saa ya dhahabu alijaribu kuinuka. Askari alimwekea mkono begani.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alitoka nayo hadi kwenye ngazi za mbele.

"Mdogo wangu." Sauti ya dada yake ilikuwa na machozi, na hasira nyuma ya machozi. "Uko mzima?"

"Mzima."

"Na waya?"

Sindano aligeuka kidogo kuelekea mlangoni.

"Bado unaongea," alisema.

Alivua ovaroli, akaitundika kwenye ukingo wa ngazi, akashuka akavuka barabara kuelekea karakana, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua mkate.