Rimoti Ndani ya Mkoba wa Renae

Wazazi wenzangu, nanyi mnaolea wajukuu, tulieni niwaeleze yaliyoipata nyumba ya Renae Kjelstad wa Nordby, Minnesota. Nitaeleza polepole, maana jambo lenyewe liliingia polepole.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwishoni mwa Novemba, theluji ya kwanza imeshakaa vizuri juu ya mapaa. Wote wanne walikuwa sebuleni. Curtis, mume wa Renae, alikuwa amerudi kutoka safari zake za lori, miguu ameinyoosha mbele ya hita, soksi zinafuka mvuke. Soren, mtoto wao wa miaka sita, alikuwa amelala kifudifudi juu ya zulia akila bisi mojamoja, kila moja akiilamba chumvi kwanza. Pembeni ya kochi alijikunja Britta, binti wa Curtis kwa mke wake wa kwanza, msichana wa miaka kumi na minne. Alikuwa amehamia kwao tangu Agosti, baada ya mama yake kuanza kazi za zamu huko Duluth.

"Baba, miguu yako inanuka," alisema Britta.

"Hiyo ni harufu ya kazi, binti yangu."

"Basi umefanya kazi sana."

Soren alicheka mpaka bisi ikampalia, Renae akampiga-piga mgongoni huku naye akicheka. Kisha akachukua rimoti awatafutie sinema. Kwenye hizi sinema za mtandaoni kila mtu ana picha yake ya kuingilia: Soren alikuwa na dubu, Britta paka, Renae ua la njano. Renae akabonyeza ua lake. Pale kwenye safu ya "Endelea kutazama" ikatokea picha ya mwanamke asiye na macho, amesimama mlangoni. Ilikuwa sinema ya kutisha, imetazamwa hadi katikati.

Renae hakuwa ameitazama. Curtis naye alikuwa barabarani wiki nzima. Aliipita haraka, lakini Soren alikuwa ameshaiona. Mtoto alijivutia blanketi usoni. Renae akageuza macho yake taratibu mpaka kwa Britta. Britta alikuwa anakula bisi.

Ndugu zangu, shaka iliingia nyumbani mle saa ileile, na kwa muda mrefu haikutoka.

Kuanzia hapo Soren alibadilika. Alikataa kushuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye friza, kuchukua aiskrimu, hata taa zikiwashwa zote. Alianza kulala na viatu, eti awe tayari kukimbia. Asubuhi moja, kijiko cha uji kikiwa njiani kwenda mdomoni, aliuliza, "Mama, mtu aliyekufa anaweza kufungua mlango, au mpaka afunguliwe?"

Renae alikuwa mpokea wagonjwa kwa daktari wa meno, anatoka saa kumi na moja jioni. Soren akitoka shule alishuka kwenye basi kwa bibi yake, Marlys, mama mzazi wa Renae, akakaa huko mpaka achukuliwe. Britta alirudi nyumbani moja kwa moja na ufunguo wake. Renae akapiga hesabu zake: nyumba tupu, televisheni, na msichana mmoja. Na Jumatano jioni, yeye akienda mazoezi ya kwaya, ni Britta aliyebaki na Soren.

Akaweka kufuli kwenye televisheni. Bila namba nne za siri haifunguki, na namba hakumwambia mtu. Wiki iliyofuata akafungua mwenyewe, akabonyeza ua lake, akakuta sinema nyingine ya yule mwanamke, mbaya kuliko ya kwanza. Akabadilisha namba, akibonyeza huku ameikinga rimoti kwa mwili wake kama mwizi. Ikaja nyingine tena.

Sasa angalieni shaka inavyofanya kazi. Renae alianza kuiacha rimoti sambamba kabisa na mshono wa mto wa kochi, ili akirudi ajue kama imeguswa. Akirudi anaikuta vilevile, na anajiambia, "Anajua kuirudisha." Anapeleka kiganja nyuma ya televisheni kuona kama ina joto. Ni baridi. "Ameizima mapema." Kila kilichomtetea yule mtoto kiligeuka kuwa ujanja wake.

Alimwuliza Soren pia, mezani, wakiwa wawili tu.

"Nani anakuonyesha zile sinema?"

Soren akazungusha kikombe chake.

"Hutachapwa, mpenzi wangu. Niambie tu. Ni Britta?"

Soren akalaza kichwa juu ya meza. Renae akampa biskuti na akaona amejibiwa. Tangu siku hiyo alimkataza Britta kukaa peke yake na mdogo wake. Jumatano zile za kwaya Soren naye akawa anapelekwa kwa bibi.

Kisha akamkabili Britta jikoni.

"Unafunguaje?"

"Nafungua nini?"

"Usinifanye mjinga, Britta."

"Renae, mimi nikiona damu ya pua magoti yanalegea. Muulize baba. Nitazame hizo sinema ili nipate nini?"

"Basi kuanzia kesho rimoti naenda nayo kazini."

Britta alitoa kicheko kisicho na raha. "Nenda nayo. Beba na televisheni yenyewe, uikalishe kiti cha mbele, uifunge mkanda."

Na kweli, rimoti ilikwenda kazini ndani ya mkoba, kati ya rangi ya mdomo na peremende za kikohozi. Ilipomponyoka mbele ya wagonjwa, mwenzake alimwuliza kama ni ya kuwazima wanaopiga kelele wakichimbwa meno. Watu walicheka. Renae hakucheka.

Alhamisi hiyo akakuta sinema mpya chini ya ua lake. Hapo hakuuliza tena. Aliingia chumbani kwa Britta akainua godoro, akapekua mifuko ya koti, akatia mkono ndani ya buti moja baada ya nyingine. Alitafuta rimoti ya pili. Alipata soksi na pakiti ya pipi iliyoliwa nusu. Britta alisimama mlangoni muda wote akimtazama.

Renae akampigia Curtis. "Mtoto wako anamtia mtoto wangu wazimu."

Curtis alikuwa kituo cha malori, amechoka, nyuma yake injini zinanguruma. Akaomba apewe Britta. "Binti yangu," akasema, "mwambie tu ukweli, yaishe."

Baba yake naye! Britta alirudisha simu, akachukua ya kwake, akampigia mama yake aje amchukue.

Kesho yake, Ijumaa, Renae aliomba ruhusa atoke kazini mapema. Alimwacha Soren kwa bibi ili asione dada yake akiondoka. Britta alikaa mezani, koti mwilini, mkoba miguuni. Theluji ilikuwa inaanguka na gari la kutoka Duluth lilichelewa. Watu wa Minnesota hata wakigombana chakula lazima kitolewe, na adabu yao ni kukataa mara mbili, ya tatu unapokea. Renae akapasha moto bakuli la nyama ya kusaga na viazi.

"Kula kidogo, safari ni ndefu."

"Hapana, asante."

"Kidogo tu."

"Nimeshiba, asante."

"Britta. Chukua hata kijiko."

"Hapana."

Mara ya tatu amekataa. Renae akabaki na mwiko mkononi, uso unamwaka. Akaitoa rimoti mkobani, akawasha televisheni angalau asikie habari za hali ya hewa, akabonyeza namba zake na ua lake. Kioo kikaandika: Akaunti hii inatumika sasa hivi kwenye televisheni nyingine.

Renae akasoma. Akasoma tena. Akageuka. Britta alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, vidole wazi, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Mimi niko hapa, Renae," alisema kwa upole.

Televisheni nyingine. Krismasi iliyopita Renae mwenyewe alikaa sakafuni kwa mama yake akaingiza neno lake la siri kwenye televisheni ya Marlys, ili mama apate vipindi vyake vya upishi na wapelelezi. Kule kila mtu hufanya hivyo: akaunti moja, nyumba tatu. Na kufuli alilifunga kwenye televisheni ya sebuleni kwake tu. Akaunti yenyewe aliiacha wazi.

Alipiga simu kwa mama yake, haikupokelewa. Akatoka mbio hadi garini, koti liko wazi.

Marlys alikuwa amelala kwenye kiti chake cha kujilaza, kitambaa anachofuma kifuani, vifaa vyake vya kumsaidia kusikia viko juu ya meza ndogo. Televisheni ilikuwa inapiga mayowe. Soren alikuwa chini ya meza ya chakula, vidole masikioni, akichungulia kati ya miguu ya viti.

Renae alizima, akapiga magoti. "Kwa nini hukuzima, mwanangu?"

"Nikizima, kukiwa kimya tu, Bibi anaamka. Ataona, na wewe utamgombeza, halafu hatanilea tena."

"Na kwa nini ulifungua ua langu? Dubu wako yupo."

"Nilidhani humo ndani kuna vitu unavyopenda wewe." Alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nilifungua wapelelezi wako. Walipoisha, yule mama asiye na macho akaja mwenyewe. Nataka nione kama anakufa mwishoni, ili asije kwetu. Lakini hafi. Kila sinema yake nikifika mwisho, hafi."

Marlys akafumbua macho. "Aa, umekuja mapema leo."

"Mama, ulishawahi kumwona akitazama haya?"

Marlys alijifuta jicho kwa kona ya kile kitambaa. "Siku moja hivi. Nilidhani umemruhusu. Wewe ndiye mama yake, mimi sikutaka kuingilia."

Waliporudi, gari la mama yake Britta lilikuwa uani, injini inaunguruma. Renae aligonga kioo. Britta akakishusha.

"Nimekukosea," Renae alisema. "Ilikuwa kwa mama. Muda wote ilikuwa kwa mama."

"Nilijua ulipotoka mbio."

"Basi shusha mkoba wako. Tafadhali. Chakula bado cha moto."

Britta alimtazama Soren aliyebanwa mkanda kwenye kiti cha nyuma cha gari la Renae, akampungia. Kisha akasema, "Huwa ananiambia kila kitu, yule. Hata alipomeza kifungo aliniambia mimi. Na hili angeniambia. Lakini ulinikataza kukaa naye." Akaweka kidole kwenye kitufe cha kioo. "Sasa hivi siwezi kushuka, Renae. Ulitia mkono kwenye buti zangu."

Kioo kikapanda. Gari likarudi nyuma taratibu, likashika barabara ya Duluth.

"Anarudi lini?" Soren aliuliza.

Renae alimfungulia mkanda, akambeba ndani.

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, simwambii mtu asiweke kufuli. Liwekeni, na mliweke kwenye akaunti, lifike kila nyumba mliyogawia neno lenu la siri: kwa bibi, kwa shangazi, kwa rafiki wa mwaka jana mliyekwisha kumsahau. Ila kufuli halijui mtoto anaogopa nini. Renae aliuliza "nani" kila siku, wala hakuuliza "wapi" hata mara moja, kwa sababu jina alikuwa nalo tayari moyoni. Ukimwuliza mtoto huku umeshamtajia jibu, hujamwuliza kitu. Nanyi bibi wenzangu, mkiona jambo semeni, hata mkionekana mnaingilia. Na kabla hujapekua chumba cha mtoto wa kambo, kaa naye chini umsikilize kama vile ungemsikiliza wa tumbo lako.

Kufuli la akaunti Renae alilitengeneza jioni ileile, akiwa bado na viatu vya theluji miguuni. Halikumchukua hata muda wa kuchemsha kahawa. Soren sasa analala bila viatu. Britta bado yuko Duluth.